Suruali Nyingine

Kadi ilikuwa kwenye suruali nyingine.
Mpaka leo nasema hivyo, na mpaka leo watu wanacheka.
Mwasiti aliiloweka alfajiri pamoja na nepi za mtoto,
akaikamua, akaianika uani, Magomeni Mapipa,
na kadi imo mfukoni, wino umeshavuja,
jina langu limekuwa doa la buluu pajani.

Mie nilikuwa Mtaa wa Swahili, barazani kwa Mhindi wa vitambaa,
nashona mwamvuli wa mwalimu fulani, mbavu mbili zimevunjika.
Wakaja mgambo watatu. Mmoja tulicheza naye gololi.
"Kazi yako?"
Nikainua mwamvuli.
"Hiyo si kazi. Hiyo ni kukaa."

Msimbazi tulilala siku nne, thelathini na kitu chumba kimoja:
muuza karanga, mpiga debe,
na bwana Nyangasa, aliyetoka nyumbani kununua dawa ya kikohozi tu,
chupa ingali mkononi,
akatukoholea hadi Morogoro.
Hakimu hatukumwona. Hukumu ilisomwa na filimbi ya treni.

Kimamba si mbali, nisikudanganye.
Siku hizi unapanda basi asubuhi, adhuhuri unakula Kilosa.
Lakini mtu akipelekwa hahesabu maili.
Anahesabu mlango aliouacha wazi,
sufuria iliyokuwa jikoni.

Mkonge una mwiba nchani, na maji yake yanawasha.
Mwezi wa kwanza nilihesabu matita. Wa pili sikuhesabu.
Nyangasa tulimzika wa tano,
chupa tukaichomeka kichwani pake,
jiwe halikupatikana.

Halafu, hapa ndipo sipendi kuulizwa,
mwezi wa tisa wakasema: anayetaka kuondoka, aondoke.
Nikabaki.
Miaka kumi na moja.
Palikuwa na mama mmoja wa Kikaguru, na ekari mbili za nyanya,
na aibu pia ilikuwepo, ila aibu haipaliliwi, inaota yenyewe.
Barua nilituma moja. Nilimwandikia Mwasiti
asiifue tena ile suruali.
Mzaha gani huo wa kumtumia mke.

Leo ni Magomeni, foleni ya vitambulisho, jua la saa saba.
Karani ni binti mdogo, kucha nyekundu.
"Kazi yako, babu?"
"Fundi miamvuli."
Akashusha orodha kwenye kioo, akaipandisha, akaishusha.
"Haipo. Nikuandike mkulima?"
Sikujibu. Akaandika.

"Weka kidole."
Nikaweka. Taa nyekundu.
Cha pili. Gumba. Mkono wa kushoto.
Mkonge ulishanifua, mistari yote ilikwenda na maji yake.
Nyuma yangu watu wanaguna, mmoja anauliza kuna nini huko mbele.
Binti ananipa kitambaa nifute jasho.
"Jaribu tena, babu," anasema, kwa upole kabisa,
"mashine inasema hakuna mtu."