Sarafu Chini ya Ngozi

Yalianza kama sarafu,
maumivu madogo ya duara kwenye muundi wa kushoto.
Nikayafunika kwa soksi, nikapanda Aralar,
kilomita thelathini na mbili, kondoo wakinitazama,
najiambia: yakipata moto yataacha.
Yakaacha kweli.
Kisha usiku yakarudi, yakagonga
kama mwenye nyumba anayedai kodi.

Daktari wa Iruñea alikuwa na kalamu iliyotafunwa.
Akanionyesha picha: mfupa wa kijivu,
na ndani yake ukungu mweupe.
"Ufa," akasema. Hakuuliza kuhusu viatu.
Akauliza asubuhi nakula nini.
Akauliza mara ya mwisho nilikwenda mwezini lini.
Nikahesabu; vidole vya mkono mmoja havikutosha.
Nilidhani wepesi ni sifa.
Kumbe mwili ulikuwa unauza samani, kimoja kimoja,
kulipia mbio zangu,
na sasa umefika kwenye nguzo.

Wiki sita. Magongo mawili, buti la plastiki.
Nikazijua ngazi za nyumba yetu: kumi na tisa,
ya saba hulia.
Mama akaniwekea maharage meusi, jibini, dagaa wa kopo,
akakaa kunitazama hadi nimalize.
Siku mbili sikumsemesha.
Siku ya tatu nikaomba kuongezewa.

Nekane anauza nyama karibu na kanisa.
Jumapili hunyanyua mawe mbele ya watu,
itale la kilo mia na kumi,
mkanda wa sufu umemzunguka kiunoni mara nane.
Aliniona nachechemea nje ya duka,
akasema, akifuta kisu:
"Ninyi mnaupenda mlima
lakini hamna cha kuubebea."

Gereji yake inanuka mafuta na ngozi ya kondoo.
Siku ya kwanza alinipa mpini wa ufagio.
Ufagio! Nikacheka. Akanirudisha chini:
"Nyonga nyuma. Mgongo kama meza. Tena."
Ufagio ukanishinda.

Baadaye ndoo. Baadaye chuma cha kilo ishirini,
baadaye arobaini; mara tano, kaa,
mara tano, kaa,
kaa mpaka pumzi isahau ilikotoka.
Mimi niliyezoea kulipwa kwa jasho
nikaanza kulipwa kwa kusubiri.
"Mfupa hausikii maombi," alisema Nekane, "unasikia uzito.
Ukiupigia kelele kutwa, unapasuka.
Ukiunyamazia, unalala.
Uambie neno moja zito,
kisha nenda kale."

Mwezi wa nne nikakumbatia jiwe dogo,
kilo tatu tu pungufu yangu.
Kutoka ardhini hadi mapajani, likakaa pale
kama mtoto mzito asiyetaka kulala.
Kisha kifuani, likaninyang'anya pumzi.
Begani halikufika.
Likaanguka kwenye mto wa majani makavu, dufu,
na Nekane hakupiga makofi.
Alinikatia kipande cha soseji.

Usiku ule, damu.
Nilikaa chooni nikicheka na kulia,
nikimwita mama kama mwenye miaka kumi na tatu.

Leo, njia ya reli ya zamani, ile iliyong'olewa.
Dakika moja kukimbia, nne kutembea, mara sita. Basi.
Bwana mmoja na mbwa wake wa miguu mifupi
wamenipita mara mbili,
mara ya pili mbwa aligeuka kunitazama.
Mara ya sita ikaniingiza handakini,
giza, matone, ubaridi wa shingoni,
na miguu, jamani, miguu
ikakumbuka kila kitu.
Nyayo zangu zilirudi kutoka ukutani
kama za mtu ninayemjua, anayenikimbiza.

Saa ikalia mkononi.
Mwanga wa upande wa pili
ulikuwa mdogo kama sarafu.
Nikaacha kukimbia.
Nikauendea kwa hatua za mtu wa kawaida,
nikihesabu matone.