Mizani ya Karafuu

Saa nane mchana, Gombani, sikuanguka:
uwanja ndio ulioinuka ukanipiga usoni.
Wakanimwagia barafu ya samaki, ndoo kwa ndoo.
Nikazinduka nanuka changu;
nikaulizwa jina, nikataja la mama.

Wiki ya sita leo.
Daktari Zuleikha hunipa ruhusa kwa kijiko:
kwanza kutembea, hadi Machomanne na kurudi,
kisha mchakamchaka, jua halijafumbua jicho.
Njumu mwisho.

Kabla ya mbio napanda mizani ya baba,
ile ya kupimia karafuu. Nikirudi, napanda tena.
"Kilo na robo imekwenda wapi?"
huniuliza, kama kwamba nimetoboa gunia.
Nainywa, maji na chembe ya chumvi, mpaka deni liishe.

Wenzangu wanacheka: Shaame kaogopa.
Kaoga, nawajibu. Barafu ya soko zima.

Jana Kocha Mbwana kanipa dakika kumi.
Ya nane, kisogo kikaanza kuvuma
kama mzinga uliopigwa jiwe.
Zamani ningekaza meno.
Nikainua mkono, nikatoka,
nikaweka kichwa chini ya bomba
na jina langu nikalitaja, polepole, peke yangu.
Lilikuwepo.