Haiui

Fundi wa kikosi aliapa: taa hii haiui,
inatia kiwi tu, dakika tatu.
Nikavaa miwani ya usiku. Mwambani yote ikawa kijani,
kijani cha mwani uliovunda.

Boti ya magendo. Sukari, magunia kama arobaini.
Aliye tezini anakaza kamba kwa mkono wa kushoto,
bega limelegea kama mlango wa bawaba moja.
Shekue. Shemeji yangu.

Amri ni angaza kwanza.
Nikaangaza.

Ijumaa, nyumbani kwao Ngamiani,
nilimkuta dada akimtia matone machoni.
"Vumbi la saruji," akasema Shekue, uso kaugeuzia ukutani.
"Saruji mbaya sana," nikaitikia.

Chai ikaja bila sukari.
Nikainywa yote.