Vitanzi Kumi na Viwili

Daktari aligeuzia skrini upande wake,
akapima kichwa mara tatu,
akaandika, hakusema.
Karatasi tukasomewa koridoni, mbele ya foleni:
maji yamejaa kichwani mwa mtoto.
Wamono akauliza bei ya picha nyingine.
Ndilo swali pekee aliloliweza.

Nyumbani, Namatala, mama mkwe akataka kujua
nilipita wapi usiku, nilimcheka nani.
Bahasha ikalala chini ya godoro
pamoja na risiti za ada.

Safari ya nne Mbale mjini
zamu ilikuwa ya Sista Khainza.
Akafunga mlango. Akavuta kigoda, akaketi
chini kuliko mimi.
"Hucheza saa ngapi?"
Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.
Alfajiri, nikasema, baba yake akiwasha sigiri.

Akanieleza upasuaji, mrija,
na kwamba kuna siku mrija huziba.
Hakunificha. Hakuniapia.

Usiku ule nikafumua kofia ya sufi
niliyokuwa nimeimaliza,
nikaanza upya,
nikaongeza vitanzi kumi na viwili.
Wamono akanishikia uzi,
akihesabu kwa sauti,
akikosea,
akirudia.