Mizani ya Kutu

Mimi siuzi sanaa. Nauza vyuma chakavu Kariobangi,
kilo kwa kilo, mizani ikining'inia mlangoni
kama mtu asiye na la kuficha.

Nyaguthii alipokuja
nilimtolea mabati yenye mng'aro bado.
Akayapita. Akaenda nyuma, karibu na choo,
penye bati lililolala tangu enzi za mjomba,
akalipapasa kama shavu la mtoto mwenye homa.
"Hili. Na usilipanguse."
Kichaa mwenye pesa, nikawaza. Kilo kumi na nne.

Akihesabu noti akaniambia
chuma hakikuzaliwa hapa duniani;
kilipikwa tumboni mwa nyota,
na nyota ikishafika kwenye chuma haina siku, hupasuka.
"Kwa hiyo wewe unauza misiba ya mbinguni."
Nikamwambia leseni yangu ya kaunti haisemi hivyo.

Masika yakapita, na vuli. Akaniita Baba Dogo,
nyuma ya gereji.

Bati limeegemea ukuta.
Juu yake gunia la kahawa
alilolizika miezi saba kando ya mto,
likafukuliwa nusu limeliwa.
Maua ya mjakaranda yaliyooza hadi yakawa wino.
Ukungu wa mkate, kijani,
umezungushwa kama ile duara ya mwezi usiku wa Julai.
Na nyaya za shaba, matumbo ya redio ya babake,
zimetawanyika kutoka katikati kwenda nje,
kitu kinachopasuka
bila haraka ya kumaliza.

Bwana mmoja wa viatu safi akauliza: itadumu miaka mingapi?
"Jua lenyewe limebakiza bilioni tano.
Mimi siandiki waranti."
Mchwa alikuwa akitembea kwenye fremu. Hakumfukuza.

Sikuelewa. Kusema kweli, hata leo.
Ila chini kushoto niliona kidole changu,
alama niliyoiacha siku ya kupima,
jasho langu limeota kutu yake peke yake,
rangi ya chungwa, mistari yote ipo.

Nikaomba kupima kitu. Hilo ndilo nilijualo.
Kulikuwa na kipande kilichobaki,
kilo tatu kamili nilipokikata kwa mkono wangu,
kimekaa juani na mvuani, hakuna kilichobandikwa.
Tatu na ushee.
Nikaigonga mizani. Tatu na ushee.
"Ni hewa," akasema. "Kutu ni chuma kilichokula hewa."

Miaka ishirini na sita
nimewakata watu bei nikisema kutu imekula uzito.
Mama Achitsa na karai lake.
Yule kijana wa mageti, aliyekuja na kitanda cha marehemu.
Wote walinyamaza, maana nani abishane na kutu?

Na mizani ilikuwa pale pale mlangoni,
ikining'inia,
kama shahidi ambaye hakuna aliyemwita.