Nusu Inchi

Sogeza cherehani, Mhina, tupate pa kulala.
Chumba hiki cha Barabara ya Kumi na Nne
hakikujengwa kwa mtu kunyoosha miguu,
lakini kati ya kabati na ndoo za maji
mkeka unaenea. Nimepima kwa shibiri.

Vua saa. Vua na utepe huo shingoni,
huuvui hata kitandani.
Uji subiri kwanza;
tumbo lililoshiba halikunjiki.

Lala chali. Siyo hivyo,
umejitupa kama robota la mkonge.
Shuka kidogo kidogo: kalio, kiuno, pingili moja moja,
kama unavyolaza hariri ya mteja mezani
usije ukaikunja kabla ya mkasi.
Kunja magoti. Ingiza kiganja chini ya kiuno:
kipite kwa shida.
Akipita paka, umejipinda mno.

Sasa inua kiuno. Sukuma kwa visigino, si kwa shingo;
shingo ina kazi ya kubeba kichwa,
na chako kizito, kimejaa madeni ya watu.
Hesabu mpaka tano. Polepole!
Unahesabu kama mnadi samaki wa Deep Sea.
Na pumzi, mbona umeibana?
Ukiinua, toa. Ukishusha, vuta.
Pumzi si nauli, haiwekwi akiba mfukoni.

Yule kijana wa mazoezi ya viungo pale Bombo
alinipa karatasi yenye picha za watu wasio na nyuso,
mistari tu na mishale.
Nikamwuliza, huyu anaumwa wapi?
Akacheka: mama, huyo haumwi, huyo mchoro.
Basi wewe si mchoro.
Panapovuta kama uzi unaonyooka,
kaa hapo, pazoee.
Panapochoma kama sindano iliyokosa kitambaa ikapata kidole,
rudi, wala usione haya.

Simama. Miguu iachane upana wa mabega.
Rudisha makalio nyuma, kama unaitafuta mbuzi ya kukunia nazi —
ah, wewe nazi umeikuna lini?
Basi kigoda hiki. Kiguse, usikikalie.
Magoti yafuate vidole,
yasielekeane kama wanawake wenye umbea.
Kisigino kibaki chini.
Kimeondoka. Nimekiona.

Jumatatu ulitaka kujionyesha kwa Shekue,
ukapiga pushapu ishirini kibarazani,
kiuno kikining'inia kama kamba iliyoanikwa mashuka mabichi.
Shekue akapiga makofi, akaenda zake kulala.
Aliyekusugua mafuta ya karafuu mpaka adhana ya alfajiri
ni nani?
Anza na ukuta.
Ukuta hauchoki, na hausimulii mtu.

Haya, kaa kitako upumue, zamu yangu.
Mgongo ukutani: visigino, makalio, mabega, kisogo.
Mikono juu, taratibu,
mbavu zisichomoze mbele kama za jogoo.
Tazama vizuri, maana sirudii —

Umenyamaza.
Umeuokota utepe pale kitandani
bila kuutazama, kama mtu anavyookota tasbihi yake.

"Bega la kushoto," unasema, "limeshuka nusu inchi."
Tangu lini?
"Tangu nikushonee gauni la kwanza.
Zile ndoo za kisima cha Makorora.
Upande huo huwa naweka kitambaa mara mbili,
ndani, kwenye mshono,
ukivaa yawe sawa."

Miaka ishirini na sita
nimekwenda harusini na matangani
na bega ulilonishonea.
Natafuta neno la kukujibu.
Mikono bado iko juu, ukuta wa baridi kisogoni.

"Usiliinue kwa nguvu," unasema,
kiganja chako juu yake, chepesi
kama unapima kitambaa kisichokuwa chako.
"Na vuta pumzi, mwalimu.
Umeibana."