Mbaaazi

Niliandika usiku, kwa kidole kimoja,
mkono wa pili umebeba mtoto mwenye homa.
Habari ya mamangu na sufuria yake pale Kuze,
alivyokuwa akikuna nazi huku akihesabu madeni,
kila kifuu na jina la mtu anayetudai.
Nilipofika kwenye mbaazi kidole kikasinzia:
mbaaazi, nikaandika, a tatu.
Sikurudi kusahihisha. Mtoto alitapika.

Siku ya nne Khuleta akaja na simu mpaka jikoni.
"Hebu soma. Huyu Twahir naye mamake ana nazi?"
Nikasoma. Kuze imekuwa Bondeni.
Mamangu kapewa jina jipya, kavishwa miwani.
Madeni ni yale yale, vifuu ni vile vile,
na juu picha ya mwenyewe, ameshika tama.
Watu mia tisa wamempa hongera, wengine pole.
Lakini katikati, kama changarawe kwenye wali,
a tatu.
Mwizi kabeba nyumba nzima
asijue kuwa paka yumo ndani,
na paka ana jina.

Mimi nilinyamaza. Khuleta hajui kunyamaza.
Alimwandikia neno moja mbele za watu: mbaaazi.
Mmoja akauliza maana, mwengine akamweleza,
na Ijumaa haijafika, neno limeshavuka maji.

Mwalimu mmoja Kongowea alikuta insha mbili
zenye mjomba mmoja, amekufa mara mbili kwa nyoka yule yule.
Akaandika pembeni, wino mwekundu: mbaaazi.
Muuza leso wa Marikiti akimsema jirani yake:
"Yale maneno ya pindoni si yake, mbaaazi zile."
Bwana harusi wa Likoni alituma mistari mitamu saa sita za usiku,
akajibiwa kabla hajazima taa:
"Nani kakupakulia? Hizi ulimtumia Salha."
Ndiyo, lilizaa na kitenzi. Kupakua:
kutia mkono kwenye chungu cha mwenzio
kisha kulalamika kuwa moshi umekuchoma macho.
Na ukilisema livute, mbaa-a-azi,
kinywa wazi, kama unamwonyesha daktari koo.

Twahir nilimwona mara moja, foleni ya feri.
Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, kiatu chataka kushonwa.
Nyuma yake vijana wawili wabishana habari ya mpira,
hawamjui wala hawana haja naye.
"Goli lile mbaaazi tupu," mmoja akasema.
Twahir akainama, akawa ajifunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa.
Nilidhani nitafurahi.
Furaha ilikuja, ikakaa ukingoni mwa kiti,
ikaaga bila kunywa chai.

Halafu huyu wa juzi, Mwembe Tayari,
anibadilishia kioo cha simu na mdomo haupumziki:
"Neno hilo, dada, alilitunga mtangazaji wa redio.
Mjomba wangu alikuwapo. Alikuwa na njaa, akapayuka hewani."
Nikafungua kinywa. A tatu zilikuwa tayari ulimini.
Nikauliza bei.

Jioni nikamsimulia mama, nikitaraji anihurumie.
Akacheka mpaka kanga ikamvuka.
"Mimi nilihesabu madeni kwa vifuu lini?
Yule ni Bi Mwanaesha wa chumba cha pili, Mungu amrehemu.
Mimi nilimsikia ukutani, nikakusimulia kama yangu
ulale, maana ulikuwa hulali.
Na wewe ukaniandika. Uliniuliza?"

Sikuwa na jibu, nikatazama sufuria.
Akachukua sahani, akanipakulia
mbaazi, a mbili.
Zilikuwa zimezidi chumvi.
Nikala.